Mikwaju 121: Rekodi za Filamu za Gofu

Mwaka 1976 mwendesha kreni wa kiwanda cha meli cha Barrow-in-Furness, kaskazini mwa Uingereza, alijaza fomu ya kuwania nafasi katika British Open, shindano kubwa la gofu lililo kongwe kuliko yote. Jina lake Maurice Flitcroft, umri wake miaka 46. Fomu ilimtaka ajieleze: mchezaji wa ridhaa au wa kulipwa? Wa ridhaa walitakiwa kutaja kiwango chao kinachotambulika. Flitcroft hakuwa na kiwango chochote, basi akaweka alama kwenye "wa kulipwa". Gofu alikuwa amejifunza kwa kitabu cha kuazima maktaba na kwa kupiga mipira ufukweni. Siku ya kufuzu ilipofika, kwenye uwanja wa Formby, alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 121.

Katika gofu mshindi ni anayepiga mara chache, na pale Formby mchezaji hodari hutarajiwa kumaliza kwa mikwaju 72. Flitcroft aliizidi kwa 49. Hakuna alama mbaya kuliko hiyo katika historia ya kufuzu kwa British Open. Wakubwa wa mchezo walimfungia milango, naye akawa anarudi mara kwa mara kwa majina ya uongo na sura ya kujibadilisha.

Naanza na yeye kwa sababu, nikizipanga filamu za gofu kwa rekodi zake, ile kubwa zaidi, ile kongwe zaidi, ile iliyoingiza fedha nyingi zaidi, najikuta kila mara narudi kwa walioshindwa. Gofu ni mchezo wa mtu na nafsi yake. Hakuna beki wa kukukaba wala kipa wa kukupangulia mpira, na mara nyingi hakuna mwamuzi karibu: ukikosea, unajiandikia adhabu mwenyewe. Bobby Jones alifanya hivyo katika U.S. Open ya 1925. Mpira wake ulisogea kidogo tu, hakuna mwingine aliyeuona, akajihesabia mkwaju mmoja. Bila mkwaju huo angekuwa bingwa. Badala yake alilazimika kurudiana na Willie Macfarlane, akashindwa. Maisha yake yalifanyiwa filamu mwaka 2004, Bobby Jones: Stroke of Genius, na ingawa filamu yenyewe imepooza, mwendo wake mzito kama wa hotuba, kisa hicho kimoja kinaeleza kwa nini watengenezaji wa sinema hawaachi kurudi kwenye nyasi hizi.

Alama mbaya kuliko zote

Filamu ya Flitcroft inaitwa The Phantom of the Open. Ilitoka mwaka 2021, mwongozaji ni Craig Roberts, na Mark Rylance ndiye Flitcroft. Ingekuwa rahisi kumfanya kichekesho. Rylance anakataa. Anamcheza mtu mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye kila mpira unapokwenda kombo anautazama kwa mshangao wa kweli, kama mkulima anayetazama mvua iliyopita kando ya shamba lake. Kiwandani kazi ziko mashakani. Mke wake Jean, anayechezwa na Sally Hawkins, anamwambia kwamba amewalea watoto na kuitunza familia miaka yote, sasa zamu yake imefika. Pale ndipo filamu inaponishika. Ni nani kati yetu anayemjua mfanyakazi aliyewahi kuambiwa na mkewe kwamba zamu yake imefika?

Katika British Open yenyewe ya 1976, kijana wa Kihispania wa miaka 19, Seve Ballesteros, alimaliza nafasi ya pili sambamba na Jack Nicklaus. Miaka 2 baadaye kijana huyo alitwaa Kenya Open, na baadaye akawa mmoja wa wakubwa kabisa wa mchezo huu. Flitcroft naye alipata heshima yake: klabu moja ya Michigan, Marekani, iliyapa mashindano yake jina la Flitcroft, na mwaka 1988 ikamwalika aje kucheza.

Shimo linaloumiza kuliko yote

Ukiniuliza filamu bora ya gofu kuliko zote, nitakujibu bila kusita: Tin Cup, ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Ron Shelton. Watazamaji wa Marekani walikubaliana nami kwa pochi zao. Sinema za huko ziliingiza takriban dola milioni 54, kiasi ambacho filamu nyingine maarufu za gofu, Caddyshack na Happy Gilmore, hazikukifikia kwenye majumba ya sinema ya nchi hiyo.

Kevin Costner ni Roy McAvoy, mwalimu wa gofu kwenye kiwanja cha mazoezi kilichochakaa huko magharibi mwa Texas, mtu mwenye kipaji cha ajabu na kichwa kigumu. Hasira ikimpanda anavunja fimbo zake moja baada ya nyingine hadi anabaki na moja tu, na kwa hiyo hiyo moja anaendelea kucheza. Anafika U.S. Open. Shimo la 18, siku ya mwisho, ubingwa uko mikononi. Mbele kuna bwawa. Mwenye busara anapiga mpira mfupi, unatua kabla ya maji, kisha anavuka kwa mkwaju unaofuata. Mpinzani wake anafanya hivyo hasa. Roy anataka kuvuka mara moja.

Mpira unapaa, unatua upande wa pili penye nyasi fupi za shimo, umati unalipuka. Kisha unaanza kurudi nyuma polepole, unateremka ukingo, unazama. Angeweza kusogea mahali palipotengwa karibu na maji, akapiga mkwaju rahisi, akaokoa siku. Anabaki pale pale alipo na kuomba mpira mwingine. Unazama. Mwingine. Unazama. Mbeba fimbo wake, Romeo, anayechezwa na Cheech Marin, anachungulia mfukoni: umebaki mpira mmoja. Ukizama nao, Roy hatakuwa na cha kumalizia mchezo, ataondolewa kabisa mashindanoni. Anaupiga. Unavuka bwawa, unadunda, unaingia shimoni. Mikwaju 12 kwenye shimo moja.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na bado sijaamua kama Roy ni shujaa au ni mtu aliyeutupa ubingwa kwa ukaidi. Filamu nayo haijaamua. Ukubwa wake uko hapo hapo. Na si jambo la kubuni tupu: mchezaji wa kulipwa Gary McCord alifanya ukaidi wa namna hiyo katika mashindano ya Memphis miaka ya 1980, na idadi yake ya mikwaju kwenye shimo lile ilipita hata ya Roy.

Baba na mwana

Pambano la gofu maarufu kuliko yote kwenye filamu isiyohusu gofu ni lile la Goldfinger, mwaka 1964, James Bond dhidi ya tajiri anayedanganya hata kwenye mchezo. Bond anambadilishia mpira bila yeye kujua, mwisho wa mchezo tajiri anagundua amecheza mpira usio wake, ameshindwa. Sean Connery alijifunza gofu kwa ajili ya filamu hiyo, ikamwingia damuni maisha yake yote.

Miaka 52 baadaye mwanawe, Jason Connery, aliongoza Tommy's Honour, filamu kuhusu baba na mwana waliotawala gofu ya Uskoti. Rekodi mbili za familia hii zimesimama hadi leo. Tom Morris Mkubwa ndiye bingwa mzee kuliko wote wa British Open: miaka 46, mwaka 1867. Mwaka uliofuata taji lilikwenda kwa mwanawe, Tommy, mwenye miaka 17, naye ndiye bingwa mdogo kuliko wote. Kijana akatwaa taji mara 4 mfululizo.

Baba alikuwa mtunza uwanja wa St Andrews, aliyezoea kuvua kofia mbele ya mabwana. Mwana hakuvua. Mabwana walikuwa wakiweka dau juu ya wachezaji kama wanavyowekea farasi na kumgawia mchezaji kiasi wanachotaka; Tommy alitaka bei yake ijulikane kabla hajashika fimbo. Nguvu ya filamu iko kwenye ugomvi huo wa chini chini kati ya Peter Mullan na Jack Lowden, baba anayeona heshima iko kwenye subira na mwana anayeona subira ndiyo minyororo. Septemba 1875 wakiwa mechini North Berwick ililetwa simu ya maandishi: mke wa Tommy ana uchungu wa kuzaa na hali ni mbaya. Walivuka ghuba kwa mashua. Walipofika nyumbani, mke na mtoto walikwisha kufa. Tommy naye alifariki siku ya Krismasi mwaka huo huo, akiwa na miaka 24.

Nyingine kwa ufupi

Iliyofanyiwa filamu haraka zaidi baada ya tukio: Follow the Sun, 1951. Februari 1949 gari la mchezaji Ben Hogan liligongana na basi huko Texas, naye akajitupa kumkinga mkewe, mifupa ikavunjika hata ikadhaniwa hatatembea vizuri tena. Juni 1950 alishinda U.S. Open akiwa amefungwa bendeji miguuni. Mwaka uliofuata filamu ikawa kwenye sinema.

Inayopendwa na wachezaji wenyewe: Caddyshack, 1980. Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipotaja filamu 10 bora za michezo mwaka 2008, hii ndiyo pekee ya gofu iliyoingia. Mimi naiona ni vichekesho vilivyofungwa pamoja kwa uzi mwembamba, lakini chini yake kuna kijana mbeba fimbo anayetafuta ada ya chuo kwa watu wasiomjua jina, na hilo si kichekesho.

Iliyodumu kwa hasira: Happy Gilmore, 1996, ya mchezaji wa hoki ya barafuni asiyejua kuteleza vizuri anayeingia gofu ili kuokoa nyumba ya bibi yake. Sehemu ya pili ilikuja 2025, miaka 29 baadaye.

Walio chini ya mfuko

Msaidizi mdogo kuliko wote kwenye filamu hizi ni wa kweli. Eddie Lowery alikuwa na miaka 10 alipotoroka shule na kumbebea fimbo Francis Ouimet katika U.S. Open ya 1913. Ouimet mwenyewe, mtoto wa mtunza bustani, alikulia ng'ambo ya barabara ya klabu ya Brookline na alikuwa amebeba fimbo za wengine hapo hapo. Siku ya marudiano dhidi ya Waingereza wawili mashuhuri, Harry Vardon na Ted Ray, walitokea watu waliotaka mtoto aondolewe na kazi apewe mtu mzima. Ouimet alikataa. Akapiga 72, Vardon 77, Ray 78. The Greatest Game Ever Played, ya mwaka 2005, inasimulia hayo kwa moyo. Huku kwetu, Nairobi na Dar es Salaam, ambako wachezaji wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko, filamu hii haihitaji mkalimani.

Hasara kubwa kuliko zote ni ya The Legend of Bagger Vance, 2000, ya Robert Redford: bajeti ya takriban dola milioni 80, mapato yasiyofika 40. Msingi wake ni riwaya ya Steven Pressfield iliyojengwa juu ya Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu. Mchezaji Junuh ni Arjuna, shujaa wa andiko hilo, na mbeba fimbo Bagger Vance ni Bhagavan, Mungu anayemwongoza. Picha zake ni nzuri ajabu. Lakini Will Smith amepewa mtu mweusi wa Georgia ya mwaka 1931 asiye na nyumba, familia wala jeraha, aliyekuja tu kumponya mzungu na kuondoka. Mwongozaji Spike Lee aliilaani, na nasimama naye. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu cha "wazungu tu" hadi 1961. Huko huko Georgia, klabu ya Augusta haikuwa na mwanachama mweusi hadi 1990, ingawa waliobeba fimbo zake kwa miongo kadhaa walikuwa weusi. Filamu inayozungumzia maisha kupitia gofu haiwezi kuyapita hayo kimya.

The Long Game haikuyapita. Ni filamu ya 2023 kuhusu vijana wa asili ya Meksiko wa Del Rio, Texas, waliobeba fimbo kwenye klabu wasiyoruhusiwa kucheza, wakajichongea kiwanja chao wenyewe, na mwaka 1957 wakatwaa ubingwa wa shule za sekondari wa jimbo. Cheech Marin yumo tena.

Nami nina ombi kwa watengenezaji wa filamu wa Afrika. Sewsunker "Papwa" Sewgolum alikuwa mbeba fimbo wa Durban, Mhindi wa Afrika Kusini, aliyeshika fimbo kinyume na mafunzo yote, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Kwa mshiko huo alishinda Dutch Open mara 3, ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1963 alishinda Natal Open nyumbani kwao Durban. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikaa ndani, bingwa akakabidhiwa kombe lake nje, kwenye mvua. Mwenye kamera aanzie hapo.