Kochi la Ngong Road na Jirani Kutoka Uchina

Harusi inapokaribia, mazungumzo ya kina mama hayaishii kwenye hina na kanga. Mwisho hufika kwenye kitanda na makochi. Jamaa zetu wa Mombasa na Malindi wenye watoto wanaoanza maisha Nairobi hutuuliza swali lile lile: tununue kochi la Mchina lililokwisha tengenezwa, ama tumwagize fundi wa barabarani?

Ukipita Ngong Road, kuanzia Adams kuelekea Dagoretti Corner, utawaona maseremala wamepanga kazi zao kando ya njia: fremu zisizo na kitambaa, vitanda vilivyoegemezwa mitini, unga wa mbao umetapakaa chini. Uzuri wa mahali hapa ni kwamba mnunuzi huona mifupa ya kochi kabla halijavishwa nguo.

Si mbali na hapo, Kilimani na Hurlingham, ndiko wanakoishi Wachina wengi waliohamia Nairobi, na mikahawa yao na maduka yao ya vyakula. Muuza samani wa Kichina aghalabu si seremala kama tumjuavyo sisi. Bidhaa nyingi hutoka mkoa wa Guangdong, ambako mji wa Foshan umejaa viwanda na masoko ya samani, zikashushwa kwa kontena hapa kwetu Kilindini. Kabati hufika likiwa vipande ndani ya maboksi, kazi iliyobaki ikawa kukaza skurubu. Inasikitisha kidogo, maana Wachina ni mabingwa wa kale wa kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu, pasi na msumari. Ufundi huo haukupakiwa kwenye kontena.

Naye ana familia. Wako Wachina waliowaacha watoto kwa babu na bibi ili waifuate riziki ng'ambo, na mama wa Pwani ambaye mumewe au dada yake yuko Uarabuni hahitaji kuelezwa maana yake. Wala ujirani huu si wa jana: zidaka za nyumba kongwe za Lamu zilipambwa kwa sahani za kaure kutoka Uchina, na vigae vya kaure hiyo vimefukuliwa Gedi.

Tarehe 28 Februari 2023 wafanyabiashara wa Nairobi waliandamana katikati ya jiji wakiwalalamikia Wachina, baada ya duka lao kubwa la bei nafuu kufunguliwa Kahawa Sukari. Uchungu wao tunauelewa. Lakini aliyembana seremala si Mchina peke yake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mbao zikapanda bei, na amri hiyo haikuondolewa hadi 2023. Upanuzi wa Ngong Road nao uliwasukuma waliokuwa ukingoni mwa barabara. Tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zinatoza ushuru wa asilimia 35 kwa samani zitokazo nje, na bado wanunuzi wanakimbilia za nje.

Kwa nini? Hapa tuseme kweli. Sisi wenyewe tulimwagiza fundi mmoja kitanda cha mkangazi, tukalipa nusu, akaahidi wiki mbili. Kila tulipopiga simu jibu lilikuwa "kesho, inshallah", kana kwamba neno hilo ni la kumfukuza mteja. Kitanda kilikuja siku tatu baada ya harusi. Bibi harusi alilala kwa shangazi yake.

Hata hivyo, kabati la dukani tulilonunua mwaka ule ule, la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, tulilipeleka Mombasa, na unyevu wa Pwani ukalivimbisha miguu. Milango haifungiki tena. Kwa hiyo kina mama, mkienda dukani ulizeni ndani mna nini, na mkienda kwa fundi ulizeni kama mbao zimekauka, kwani mbichi hupinda. Andikianeni tarehe mbele ya shahidi, na fungu la mwisho msilitoe kabla kitu hakijafika mlangoni.

Kitanda cha mkangazi kingali imara. Mwezi uliopita yule fundi alitupigia simu mwenyewe, akiuliza kama tuna harusi nyingine.