Je, Wajua? Draivu ya Pili ya DVD

Je, wajua kwamba DVD ya harusi iliyochomwa kwa kompyuta si sawa na ya kiwandani? Ya kiwandani alama zake zimechapwa kwenye plastiki yenyewe. Ya kuchomwa ina tabaka la rangi ya kemikali ambalo leza imelibadilisha nukta kwa nukta. Jua, joto na unyevu huila rangi hiyo polepole. Hapa Kaloleni makabati mengi bado yana diski za harusi, mahanga na kwaya. Zinakiliwe mwaka huu, zisingoje ujao.

Je, wajua kwamba upande wa CD ulio hatarini zaidi ni ule wa lebo? Data imelala chini yake tu, ilhali upande wa pili una plastiki ya zaidi ya milimita 1. Usiuandikie kwa biro.

Je, wajua kwamba Kenya iko eneo la 5 katika mpango wa DVD za filamu, na Oman, Uingereza na Afrika Kusini ziko la 2? Filamu aliyokuletea shangazi kutoka Maskati huenda ikakataa kucheza. Draivu ya kompyuta huruhusu eneo libadilishwe mara 5 tu, kisha hujifunga lilipoachwa. Hapo ndipo draivu ya pili inapokufaa: moja iache 5, nyingine iweke 2. DVD za harusi hazina shida hiyo.

Je, wajua cha kuangalia kabla hujapanda matatu kwenda Mombasa kununua draivu hiyo ya pili? Fungua kasha la kompyuta kwanza. Je, kuna nafasi tupu ya inchi 5.25 na plagi ya umeme iliyobaki? Kisha tazama waya wa data. Ukiwa mpana na bapa, wa pini 40, huo ni IDE, na mmoja hubeba draivu mbili. Nyuma ya kila draivu kuna kijipande cha plastiki cha kuchomoa kwa kucha, kinachoamua ipi ya kwanza na ipi ya pili. Zote mbili zikiwekwa ya kwanza, kompyuta huenda isione hata moja. Mstari mwekundu wa waya ni upande wa pini ya 1, na mara nyingi hukaa karibu na plagi ya umeme. SATA, iliyoingia sokoni 2003, iliondoa fujo hiyo: kila draivu ina waya wake mwembamba.

Skrubu? Za draivu ya DVD ni nyembamba kuliko za hadi diski. Usizichanganye, utaharibu matundu. Na chomoa stima kabla ya yote.

Je, wajua kwamba laptopu hutosheka na draivu ya nje ya USB? Ikija na waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote, kwa kuwa kuchoma diski hula umeme mwingi.

Je, wajua kwa nini nakala ya DVD iliyo faili moja hukataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele? DVD ya tabaka moja hubeba hadi GB 4.7, na flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4. Ifomati iwe exFAT, ukiwa umeshahamisha vilivyomo, maana vyote hufutika.

Na stima ikipotea diski ikiwa ndani? Mbele ya draivu nyingi kuna kitundu. Nyoosha klipu ya karatasi, sukuma taratibu, trei itatoka.