Ukiambiwa dagaa, uliza wa ziwa gani

Na Mwandishi Wetu, Arua

Tuseme uko Ediofe, pembeni mwa jiji la Arua, na simu inalia. Mnunuzi wako wa Koboko anataka magunia kumi ya dagaa, yafike kesho asubuhi kabla hajavuka mpaka wa Oraba. Mnapatana bei, malipo ya awali yanaingia kwenye simu, nawe unakwenda kuchukua magunia kumi ya mukene. Kesho yake mzigo unafika, gunia la kwanza linafunguliwa, na mnunuzi anatikisa kichwa. Yeye alitaka muziri. Wateja wake wa Kaya, upande wa Sudan Kusini, wamezoea muziri wa Ziwa Albert, na mukene wa Ziwa Victoria hawamchukui kwa bei ile.

Nani amemdanganya mwenzake? Hakuna. Kila mmoja alisema kweli kwa namna alivyozoea kusema. Lakini nauli ya mzigo imeshalipwa, vibarua wameshapakia na kupakua, na magunia yako Koboko yakisubiri mnunuzi mwingine. Mfano huu ni wa kubuni, ila hasara ya namna hii haihitaji tapeli. Inatosha jina moja lenye maana mbili.

Njia panda ya majina

Arua haina ziwa. Samaki wanaouzwa hapa wanatoka kwingine. Wapo wanaopanda kutoka Panyimur, kwenye Ziwa Albert. Wapo wanaovuliwa mtoni, kwenye Nile, pande za Rhino Camp. Na wapo wa Ziwa Victoria, wanaofuata barabara ya Kampala na kuvuka daraja la Pakwach. Kutoka hapa mzigo unagawanyika: mwingine unaelekea Vurra au Odramachaku kuingia Congo hadi soko la Ariwara, mwingine unapanda Koboko hadi Oraba na Kaya.

Njia hizo zinapita katikati ya lugha nyingi. Panyimur wanasema Kialur, Arua Kilugbara, Koboko Kikakwa. Ukivuka upande wa Ariwara unakuta Kilingala na Kiswahili cha Congo. Ukivuka Kaya unakuta Kiarabu cha Juba. Samaki kwa jumla hana taabu: Mlugbara atamwita e'bi, wa Kilingala mbisi, wa Kiarabu samak, na wote wataelewana kwa kunyoosha kidole. Taabu inaanza pale unapotaka kusema ni samaki yupi, tena kwa simu, bila kumwona.

Dagaa si mmoja

Tuanze na wadogo, maana ndio wanaouzwa kwa gunia. Mukene wa Uganda, omena wa Kenya na dagaa wa Mwanza ni samaki yule yule wa Ziwa Victoria. Wataalamu wanamwita Rastrineobola argentea. Hapo majina ni matatu, samaki ni mmoja, na mwenye kujua hilo hana cha kuogopa.

Hatari ni upande wa pili, pale jina ni moja na samaki ni wengi. Dagaa wa Kigoma si dagaa wa Mwanza. Wale wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa sadini. Burundi wanawaita ndagala, na Zambia kapenta. Mmoja wao alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Goma na Bukavu wanamwita sambaza. Mfanyabiashara wa Kenya akiambiwa na mwenzake wa Goma kwamba anataka sambaza, anaweza kudhani ameombwa salio la simu. Na mtu wa Pwani ukimtajia dagaa, anafikiria wale wa baharini.

Ziwa Albert nalo lina wake wawili. Kuna muziri, mwembamba, mwili wake karibu upenywe na mwanga anapotoka majini. Kuna na ragoge, mwenye mwili mpana zaidi na mapezi yenye wekundu. Hawa wawili si wa ukoo mmoja, ingawa wakishakauka na kujazwa guniani mtu mwenye haraka huwaita wote dagaa. Mpishi hakosei: ladha ni tofauti, mifupa ni tofauti, na bei inafuata ladha.

Tena hata ukishapata samaki sahihi, bado kuna neno moja la kuuliza: amekaushwa wapi? Mukene aliyeanikwa kwenye chanja au wavu huliwa na watu. Aliyeanikwa chini kwenye mchanga mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku. Gunia lake nalo linaitwa gunia la mukene. Aliyenunua la kuku kwa bei ya la watu atajua mchanga utakapoanza kusagika kwenye meno ya wateja wake.

Sangara na vyeo vyake

Sangara ni mwenyeji wa Ziwa Albert na Nile tangu zamani. Ziwa Victoria hakuwako. Alipelekwa huko katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akazaana, na kila upande ukampa jina: Uganda mputa, Kenya mbuta, Tanzania sangara. Congo wanamwita kapiteni, kutoka Kifaransa. Waarabu wa Sudan wanamwita ijil, yaani ndama, na aliyewahi kumwona sangara wa kilo hamsini hatashangaa.

Hapa kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni huyo kapiteni. Bara, kapiteni ni sangara, lakini kwenye pwani ya Atlantiki jina hilo ni la samaki mwingine kabisa wa baharini. Wa pili ni sangala wa Ziwa Tanganyika, anayeuzwa Bujumbura. Ni ndugu wa sangara, lakini si yeye. Tofauti ya herufi moja inaweza kuwa tofauti ya ziwa, ya ukubwa na ya bei.

Mtego wa tatu ni makayabo. Wengi hudhani ni jina la samaki, kumbe ni jina la namna ya kumtengeneza: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi na kukaushwa. Kinshasa, makayabo anayejulikana zaidi ni wa kutoka bahari za kaskazini. Mwanza wanasema kayabo, na wanamaanisha sangara wa chumvi, ambaye mengi yake huenda Congo. Kwa hiyo mteja wa Ariwara akisema anataka makayabo, amekuambia anataka chumvi na ukavu. Samaki bado hajakutajia. Muulize.

Angara, ngasia na ngege

Kwa watu wa West Nile angara hahitaji kutambulishwa. Huyu wa chumvi na jua ni kitoweo cha nyumbani, na mtu wa hapa akiwa Kampala humkumbuka. Sudan wanamwita kawara. Lakini kwenye marobota ya samaki wakavu hukaa karibu na ngasia, ambaye Sudan wanamwita kas, na asiyewajua anaweza kuchanganya. Dawa yake ni rahisi: tazama mdomo. Meno makali ya ngasia yanaonekana nje hata mdomo ukiwa umefungwa, kama ya mbwa. Angara hana meno ya kutisha.

Ngege naye ana historia. Katika Ziwa Victoria jina hilo lilikuwa la samaki wa asili wa ziwa lile, ambaye mtaalamu Michael Graham alimwandikia jina la kisayansi mwaka 1928: esculentus, yaani mwenye kulika. Baadaye perege wa Nile aliletwa, akamsukuma mwenyeji hadi akawa adimu, na sokoni akarithi jina lake. Tanzania wanamwita sato, Sudan bulti. Ukiagiza ngege leo, karibu kila mara utapata huyu wa Nile. Mtambue kwa mistari ya wima kwenye mkia.

Samaki wa ndevu nao wasikupoteze. Kambare, ambaye Waganda humwita male, na Wasudani garmut, ana mkia wa duara. Semutundu naye ana ndevu, lakini mkia wake umegawanyika kama uma. Wakikaushwa kwa moshi huku wamekunjwa, wote huwa weusi na hufanana. Fungua mkia kabla ya kufungua pochi.

Mamba asiye na miguu

La mwisho ni la kuchekesha, hadi likufike. Luganda mmamba ni samaki mrefu anayeweza kuishi matopeni ziwa likikauka, yule ambaye Kenya wanamwita kamongo. Ni mwiko wa ukoo mkubwa wa Buganda wenye jina hilo hilo, na zamani wanawake wa Kiganda hawakumla. Sasa mwambie mtu wa Mombasa au Tanga kwamba una gunia la mamba wakavu. Yeye anamjua mamba mmoja tu, mwenye miguu minne na magamba, na anajua kwamba biashara yake inahitaji vibali vya kimataifa. Ukiandika mamba kwenye karatasi ya mzigo na karatasi ikasomwa na asiyejua Luganda, umejitafutia maswali. Andika kamongo.

Jina la kwenye karatasi

Hapo ndipo suala hili linapotoka kwenye kicheko na kuingia mfukoni. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamfaa mwenye mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, atumie cheti rahisi cha asili ya bidhaa badala ya makaratasi mazito. Lakini cheti kinaeleza bidhaa, na bidhaa lazima iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Forodha hawafuati Kilugbara wala Kialur. Wanafuata namba, na samaki wakavu, wa chumvi na wa moshi wana kichwa chao, 0305. Kibali cha kusafirisha samaki unachopewa na afisa uvuvi nacho kinataja aina. Kibali kikisema moja, cheti kingine, na gunia la tatu, mwenye mzigo ndiye anayebaki mpakani samaki wakizidi kupoteza thamani.

Kuna na kipimo. Kanuni za uvuvi za Uganda zinataka sangara asipungue sentimita 50, na ngege asipungue 28. Samaki wa sentimita 35 ni halali kwa jina moja na ni kosa kwa jina la pili. Hapo jina si mazoea ya lugha tena.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016 na Congo mwaka 2022. Soko la mtu wa Arua limepanuka kaskazini na magharibi, na Kiswahili ndicho kinachomsaidia kote huko. Lakini Kiswahili chenyewe kina dagaa wa aina nyingi. Kusema lugha moja hakujatosha.

Maswali manne kabla ya bei

Hakuna sababu ya kumlazimisha mtu aache jina la kwao. Mzee wa Panyimur ataendelea kusema muziri, na ana haki. Kinachotakiwa ni maswali manne, yaulizwe kabla bei haijatajwa.

La kwanza: wa ziwa gani, au mto gani? Swali hili peke yake lingeyaokoa magunia yetu kumi ya Koboko.

La pili: ametengenezwaje? Jua, moshi au chumvi? Kwenye chanja au mchangani?

La tatu: ni wa kula watu au wa mifugo?

La nne: anaitwaje kwako, na anaitwaje kwangu? Majina yote mawili yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, pamoja na picha ya samaki mmoja aliyelazwa kando ya rula au kiganja, kichwa na mkia vikionekana. Ujumbe huo ukibaki kwenye simu ya kila mmoja, ndio mkataba wenu.

Mwenye bidii atafute daftari na kuchora safu tano: jina la Arua, la Koboko, la Ariwara, la Kaya na la Kampala. Kila mteja mpya akitaja jina geni, aliandike mbele ya samaki wake. Baada ya misimu miwili atakuwa na kitu ambacho hakiuzwi dukani, na kitamfaa zaidi ya mzani.

Simu ikilia tena pale Ediofe na mtu akasema anataka dagaa, usikimbilie kusema ninao. Mjibu kwa swali: wa ziwa gani?