‘Thibitisha wewe ni raia’: Ubishi wa enzi ya Magufuli unaowagusa zaidi watu wa mpakani

Taja jina la John Magufuli kwenye kijiwe cha kahawa Masasi, stendi ya Newala au pale Lulindi, halafu kaa usikilize. Huyu atakwambia alikuwa kiboko ya mafisadi. Yule atakwambia alikuwa mbabe. Rais huyo alifariki Machi 17, 2021, lakini ubishi juu yake haujaisha.

Kuna kipande kimoja cha ubishi huo ambacho kwa mtu wa mpakani si stori za kijiweni tu. Ni hiki: je, wakati wake Idara ya Uhamiaji ilikuwa inalinda mipaka ya nchi, au ilitumika kuwatisha waliomkosoa Rais?

Tuchambue kidogo kidogo, maana jibu lake linafika mpaka kwenye kabati la babu yako, kule zinakokaa karatasi za zamani.

Nini kilitokea?

Kati ya 2017 na 2019, watu kadhaa wenye majina waliitwa au walishikiliwa ili wahojiwe kuhusu uraia wao. Hawa ni baadhi:

• Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara. Alihojiwa na Uhamiaji mwishoni mwa 2017, miezi michache baada ya kusema hadharani kwamba nchi inahitaji Katiba Mpya.

• Askofu Zachary Kakobe. Alihojiwa 2018, baada ya mahubiri yake ya Krismasi ya 2017 yaliyoikosoa serikali.

• Abdul Nondo, wakati huo kiongozi wa mtandao wa wanafunzi, mzaliwa wa Kigoma. Mwaka 2018 alisema ametekwa, polisi wakasema ametoa taarifa za uongo. Kesi ikiwa inaendelea, Uhamiaji nao wakamwita kuhusu uraia. Novemba 2018 mahakama ya Iringa ilimwachia huru.

• Aidan Eyakuze, wakati huo mkurugenzi wa Twaweza. Julai 2018 taasisi yake ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa wanaoridhika na utendaji wa Rais wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia. Mwezi huohuo pasipoti yake ilichukuliwa, akaambiwa uraia wake unachunguzwa.

• Erick Kabendera, mwandishi wa habari. Alikamatwa Julai 29, 2019. Polisi Dar es Salaam walisema anahojiwa kuhusu uraia. Wiki moja baadaye alipopandishwa kizimbani, habari ya uraia haikuwemo kabisa. Mashtaka yalikuwa ya uhalifu wa kupangwa, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Alitoka Februari 2020 baada ya kukiri makosa mawili na kukubali kulipa mamilioni ya shilingi.

Upande wa kwanza: ‘Sheria ni msumeno’

Wanaomtetea Magufuli wana hoja, na si busara kuzipuuza.

Hoja ya kwanza: kila nchi ina haki ya kujua nani ni raia wake. Uaskofu si kinga, na uandishi wa habari si kinga. Kama mwananchi wa kawaida anaulizwa, kwa nini mkubwa asiulizwe?

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Magufuli hakuanzisha mambo haya. Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa Kagera aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu wakavushwa mpaka. Wengine walikuwa wameishi nchini miongo mingi.

Ukirudi nyuma zaidi unamkuta mtu wa nyumbani kabisa, Benjamin Mkapa wa Lupaso, wilayani Masasi. Mwaka 2001, akiwa Rais, serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia wa Tanzania: mwandishi na mmiliki wa magazeti Jenerali Ulimwengu, balozi Timothy Bandora, na wanasiasa wawili wa CCM, Anatoli Amani wa Kagera na Maudline Castico wa Zanzibar.

Ulimwengu alikuwa amewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya. Yaani nchi ilimpa wilaya aiongoze, kisha ikasema si mwenzetu. Baadaye alipata uraia kwa kuuomba upya. Amani alikuja kuwa meya wa Bukoba, na Castico akawa waziri Zanzibar.

Upande wa pili: ‘Mbona wanaitwa wanaosema tu?’

Wanaompinga hawabishi kwamba serikali ina haki ya kuuliza. Wao wanauliza kuhusu muda. Askofu kaongoza jimbo miaka na miaka, pasipoti anayo, hakuna aliyemuuliza kitu. Kagusia Katiba Mpya, ghafla asili yake inatiliwa shaka. Mtafiti katoa takwimu, mwezi haujaisha pasipoti imeondoka.

Halafu angalia mwisho wa hizo kesi. Kwa Kabendera, swali la uraia liliyeyuka kabla ya kufika mahakamani. Na si mara ya kwanza kwake: mwaka 2013, chini ya Kikwete, uraia wake ulichunguzwa pia, mpaka wazazi wake wakahojiwa. Kama jibu lilishapatikana, kwa nini swali lirudi?

Hapo ndipo ilipo nguvu ya swali la uraia kama fimbo. Halihitaji ushahidi kukutesa. Kuulizwa tu kunatosha: husafiri, unahangaika na mawakili, na majirani wanaanza kukuangalia kwa jicho lingine.

Sheria yenyewe inasemaje?

Hapa ndipo wabishi wengi hawafiki, na ndipo penye ishu yenyewe.

Kwa sheria ya wakati wa Uhuru, mtu aliyezaliwa Tanganyika kabla ya Desemba 9, 1961 alikuwa raia moja kwa moja kama angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Wengine walitakiwa kuomba.

Sheria ya Uraia ya 1995 inasema aliyezaliwa Tanzania tangu siku ya Muungano, Aprili 26, 1964, ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa makundi machache kama watoto wa mabalozi wa kigeni. Ukiisoma hivyo ilivyo, ni pana sana. Lakini Uhamiaji wanaitafsiri kwa namna finyu: wanataka angalau mzazi mmoja awe raia.

Sasa tupige hesabu. Chukua mzee aliyezaliwa Newala mwaka 1955, wazazi wake wote wawili wakiwa wamevuka Ruvuma kutoka Mueda. Kwa kanuni ya 1961, hakuwa raia moja kwa moja. Mwanawe kazaliwa 1980 hapohapo Newala. Kwa maneno ya sheria, mwana ni raia. Kwa tafsiri ya Uhamiaji, kama na mama ana historia hiyohiyo, mwana ana maswali ya kujibu. Na mjukuu naye anayarithi maswali hayo.

Mtu huyo hajaghushi chochote. Ni hesabu ya tarehe tu.

Kwa nini Masasi na Newala?

Kwa sababu historia ya huku ni ya kuvuka mto. Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo pande zote mbili za Ruvuma, na mpaka ulichorwa na wakoloni waliowakuta tayari wanaoana. Misheni ya Masasi yenyewe ilianzishwa 1876 na watu waliotoka mbali: Askofu Edward Steere alikuja na kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar. Vita vya ukombozi vya FRELIMO vilipoanza 1964, wengine wengi wakavuka kukimbia Wareno. Walipokelewa, wakalima mikorosho, wakazaa.

Ongeza na tatizo la karatasi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa ni takribani robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa. Kama watoto wa juzi hawana cheti, bibi wa 1950 atakitoa wapi?

Swali la uraia likasogea zaidi kwa kila mtu mwaka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole. Bila namba ya NIDA, laini inazimwa, na mwisho ulikuwa Januari 20, 2020. Kwa askofu, swali lilikuja kwa barua ya wito. Kwa mkulima wa korosho, lilikuja kwenye dirisha la NIDA: wazazi wako walizaliwa wapi?

Ndugu zetu wa Kenya wanajua ukali wa jambo hili. Wamakonde wa Kwale, waliofika huko enzi za ukoloni kufanya kazi mashambani, waliishi bila uraia mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016 kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Ndipo wakapewa vitambulisho na kutambuliwa kama kabila la 43.

Mahakama ya Afrika iliamua nini?

Machi 22, 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kesi ya Anudo Ochieng Anudo, mzaliwa wa mkoa wa Mara. Mwaka 2012 alikwenda polisi kwa shughuli za ndoa yake, wakatilia shaka uraia wake na pasipoti ikachukuliwa. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nao wakamrudisha. Akabaki anaishi katikati ya mipaka miwili, Sirari, hana nchi.

Mahakama ilisema mambo mawili makubwa. Kwanza, mtu ambaye serikali yenyewe ilimpa nyaraka za uraia hatakiwi kuanza upya kujithibitisha. Serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Pili, Tanzania irekebishe sheria ili raia wa kuzaliwa anayevuliwa uraia apate pa kukata rufaa mahakamani.

Novemba 2019, serikali iliondoa haki ya mtu binafsi kupeleka kesi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mlango ambao Anudo aliingilia ukafungwa kwa wanaokuja nyuma yake.

Na ng'ambo ya Ruvuma?

Daraja la Umoja, la mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 kuunganisha Mtambaswala na Negomano. Mwaka 2021, watu waliokimbia mauaji ya Cabo Delgado walirudishwa kupitia hapohapo Negomano. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilisema zaidi ya watu 9,600 walirudishwa kwa nguvu tangu Januari mwaka huo.

Tazama mwaka. Magufuli alifariki Machi, na urejeshaji uliendelea Mei na Juni, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ni kweli serikali ilikuwa na hofu ya usalama, maana Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa na wapiganaji kutoka ng'ambo. Lakini waliorudishwa walikuwa ni pamoja na watu wanaowakimbia wapiganaji haohao.

Basi nani yuko sahihi?

Anayesema Magufuli hakuanza, kasema kweli. Anayesema wakati wake swali la uraia liliwaandama wakosoaji, ushahidi wa tarehe uko upande wake. Wote wawili wakiishia hapo, wanamwacha mkosaji mkubwa apite katikati yao: sheria inayosomeka kwa namna mbili, na isiyompa mtu pa kukata rufaa. Fimbo hiyo Mkapa aliikuta, Kikwete aliikuta, Magufuli aliikuta. Rais ajaye, wa chama chochote, ataikuta.

Wewe ufanye nini?

• Sajili watoto. Cheti cha kuzaliwa cha RITA ni kazi ya leo. Ukisubiri mtoto aombe pasipoti, umechelewa.

• Wazee wasajiliwe pia. Usajili wa kuchelewa upo. Anzia ofisi ya mkuu wa wilaya.

• Tunza karatasi za zamani. Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, hata kadi ya chama ya babu. Piga picha, hifadhi nakala sehemu mbili.

• Waulize wazee wakiwa hai. Nani alizaliwa wapi, mwaka gani, kijiji gani. Andika.

• Ukiitwa, nenda na mtu. Uliza kwa heshima unatuhumiwa nini, na usiache nyaraka halisi bila hati ya kupokelewa.

Na mbunge akija kuomba kura, mwulize hili kabla ya habari za bei ya korosho: sheria ya uraia mtairekebisha lini?