Alama za Mchezaji wa Tano

Katika shule za sekondari za Marekani, gofu ina kocha, sare, ratiba ya mechi na ubingwa wa jimbo, kama ilivyo kwa mpira wa kikapu. Wavulana zaidi ya 140,000 na wasichana karibu 80,000 huzichezea shule zao. Kwa upande wa pili, vyuo vilivyo chini ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo nchini humo, vina wachezaji gofu wanaume takriban 8,500 na wanawake zaidi ya 5,000. Maana yake, katika kila wavulana 100 wa sekondari, sita hivi ndio hupata timu chuoni, na kwa wasichana ni saba hivi. Wanaofika Daraja la Kwanza, la juu kabisa la NCAA, ni wachache zaidi: wavulana wawili hivi, wasichana watatu hivi.

Hesabu hiyo imewavunja moyo wazazi wengi, nayo haistahili kuogopwa kiasi hicho. Imewaweka kapu moja bingwa wa jimbo na kijana aliyejiunga na timu kwa ajili ya kuwa na wenzake. Nafasi ya mchezaji mmojammoja huamuliwa na alama zake, na zaidi ya hapo, na mahali alipozipata.

Mechi nyingi za sekondari huchezwa jioni baada ya masomo, mashimo tisa tu, kwenye uwanja ambao mwenyeji anaujua kila kona. Mashindano ya vyuo kwa kawaida ni mashimo 54 ndani ya siku mbili au tatu, na kwa wanaume uwanja hukaribia au kupita yadi 7,000. Ndiyo maana kocha wa chuo hababaishwi na mikwaju 36 ya mashimo tisa ya nyumbani. Anauliza: kijana huyu alipiga mikwaju mingapi siku ya pili ya mashindano, upepo ulipovuma, mbele ya wageni? Majibu huyapata kwenye mashindano ya vijana ya majira ya joto, hasa yale ya AJGA, chama kilichoanzishwa mwaka 1978. Mchezaji wa kulipwa Scottie Scheffler alikuwa bingwa wa jimbo la Texas akiwa sekondari katika eneo la Dallas, lakini mwaka 2013 alitwaa pia ubingwa wa taifa wa vijana, ndipo akaenda kuchezea Chuo Kikuu cha Texas.

Timu yenyewe ni ndogo. Katika shindano la chuo hucheza watu watano, na kila raundi huhesabiwa alama nne zilizo bora. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 4.5 tu, na ya wanawake 6, hivyo makocha wakaugawa vipandevipande. Wapo waliolipiwa robo ya ada. Tangu msimu wa 2025, kufuatia makubaliano ya kesi mahakamani, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya havibanwi tena na idadi ya ufadhili, bali timu isizidi wachezaji tisa. Fedha zaweza kuongezeka, viti vimepungua.

Viti hivyo vinagombewa pia na wageni. Kati ya wachezaji wa kulipwa wa leo, Jon Rahm alitoka Hispania kwenda Arizona State, Ludvig Åberg alitoka Sweden kwenda Texas Tech. Wanafunzi wanaohama chuo kimoja kwenda kingine nao wako kwenye foleni hiyohiyo.

Kwa hiyo anayetazama Daraja la Kwanza peke yake anajifungia milango. Daraja la Pili hutoa ufadhili wa michezo. Daraja la Tatu halitoi, lakini vyuo vyake vingi husaidia kwa kuangalia ufaulu darasani au kipato cha familia. Vipo pia vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili. Mchezaji wa wastani wa mikwaju 77 asiyeweza kugusa timu kubwa anaweza kuwa nguzo mahali pengine, akacheza kila wiki badala ya kukaa nje miaka minne.

Masomo nayo hayasubiri. Daraja la Kwanza hudai masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Kocha wa daraja hilo haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kuhusu usajili kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya miaka minne, ila mchezaji anaweza kujitambulisha kwa barua mapema.

Anayetaka nafasi afungue matokeo ya msimu uliopita ya chuo anachokitamani, asome alama za mchezaji wa tano, kisha azilinganishe na zake kwenye uwanja wenye urefu uleule. Zikikaribiana, amwandikie kocha wiki hii. Zikipishana kwa mikwaju sita, achague chuo kingine na aandike vilevile.