Vazi la Kwanza la Mpiga Mbizi

Wako wengi wadhanio kwamba baridi ya majini ni jambo la nchi za Ulaya, na kwamba katika bahari ya Unguja au Mafia, ambako maji kwa kawaida huwa na ujoto wa nyuzi 25 hadi 29 za Sentigredi, mpiga mbizi hahitaji ila kaptura na mtungi wake wa hewa. Dhana hiyo huonekana kuwa ya kweli katika dakika za mwanzo. Baada ya dakika arobaini midomo huanza kutetemeka, vidole hulegea, na hewa ya mtungi hupungua upesi kuliko ilivyotazamiwa.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mwili wa binadamu hujitahidi kudumisha ujoto wa nyuzi 37, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Mtu awezaye kukaa kivulini kutwa nzima katika hewa ya nyuzi 27 bila ya kuona taabu, hupoteza joto lake kila dakika akiwa katika maji ya kiasi hicho hicho. Kutetemeka ni jitihada ya misuli kutengeneza joto jingine, na misuli ifanyayo kazi hutumia oksijeni zaidi. Tena, baridi hupunguza damu iendayo mikononi na miguuni. Kwa hiyo nitrojeni iliyoyeyuka mwilini huko chini hukawia kutoka wakati wa kupanda, na hatari ya ugonjwa wa wapiga mbizi huongezeka. Akili nayo huwa nzito, wakati ule ule inapohitajiwa kuwa nyepesi.

Vazi lizuiavyo baridi

Vazi la mpira lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Marekani. Watu wengi husema kwamba vazi hilo hufanya kazi kwa kushika maji kidogo ambayo mwili huyapasha moto. Maelezo hayo hayatoshi. Kihami joto hasa ni viputo vidogo vidogo vya gesi vilivyofungwa ndani ya mpira uitwao neoprini. Maji yaliyo kati ya ngozi na mpira hayadhuru, mradi yasitembee. Yakipata nafasi ya kuingia na kutoka, huchukua joto la mwili na kwenda nalo, hata vazi likiwa nene namna gani.

Kutokana na jambo hilo hupatikana kanuni ya kwanza ya mnunuzi: vazi jembamba linalokaa vyema mwilini ni bora kuliko vazi nene linalopwaya.

Unene na kina

Kwa maji ya pwani ya Afrika Mashariki, vazi la milimita 3 lifunikalo mikono na miguu huwatosha wengi. Pia huikinga ngozi na konyeza, matumbawe na jua. Atakayepiga mbizi mara kwa mara wakati wa kusi, au ahisiye baridi upesi, yafaa afikirie milimita 5. Vazi la milimita 7 ni la maji yaliyo chini ya nyuzi 20, na huku kwetu litakuwa mzigo tu.

Mzigo huo waweza kupimwa. Vazi la milimita 5 lifunikalo mita 1.5 za mraba za mwili lina ujazo wa lita 7.5. Ikiwa uzito wake ni kilo 2.5, litamwinua mvaaji kwa nguvu ya karibu kilo 5, naye hana budi kufunga mkanda wa risasi ili azame. Lakini viputo hubanwa na kanieneo la maji. Katika kina cha mita 10 gesi hubaki nusu ya ujazo wake, na katika mita 30 hubaki robo. Basi vazi hupungua joto na nguvu ya kuelea huko huko chini, na mpiga mbizi huwa mzito. Wakati wa kupanda hali hugeuka: vazi hutanuka, na asiyetoa hewa katika koti lake la kuelea aweza kurushwa juu kwa kasi iwezayo kupasua mapafu. Kwa hiyo anayeanza asichague vazi nene kuliko haja yake.

Kulijaribu vazi

Mnunuzi alivae vazi kabla ya kulipa. Likae kama ngozi ya pili, bila ya mifuko ya hewa kwapani, kinenani wala kiunoni upande wa mgongo. Achuchumae, ainue mikono, kisha avute pumzi kwa nguvu, kifua kisizuiwe. Shingo ipewe uangalifu wa pekee, kwani ukosi unaobana mno hukandamiza mishipa ya damu, na mapigo ya moyo yaweza kupungua hata mtu akazimia. Kidole kipite bila ya taabu. Mishono iliyogandishwa kwa gundi hupitisha maji machache kuliko iliyoshonwa kwa uzi peke yake.

Mavazi yaliyokwisha kutumika huuzwa kwa bei nafuu, na si yote mabaya. Mnunuzi aubonyeze mpira kwa kidole gumba: ukirudi upesi, viputo vingali hai, ukibaki bonde, au ukiwa na nyufa, vazi hilo limekwisha kazi yake, hata kama rangi ingali nzuri.

Baada ya kila mbizi vazi lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lianikwe kivulini, wala lisikunjwe. Jua na mikunjo huua viputo, na viputo ndivyo vilivyonunuliwa.