Ukikwama Kabonga, panda mlima usikilize ndege

Kila mfanyabiashara wa dagaa anazijua siku za mwezi mpevu. Taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, mitumbwi inavutwa mchangani, na anayesubiri mzigo Kabonga hubaki kunywa chai tu. Safari ijayo amka alfajiri, upande vilima vinavyotazama ziwa. Darubini si lazima; masikio yanatosha.

Wa kwanza kusikika ni shorewanda, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, anayeanza kuimba kabla hakujapambazuka vizuri. Kwenye michikichi, viota vya mnana vya msimu uliopita bado vinaning'inia kama vikapu. Mnana huchana majani ya mchikichi ili asuke, kwa hiyo mwenye shamba la mawese hampendi sana. Kando ya kijito yupo ndege mweusi na mweupe anayetikisa mkia. Warundi humwita inyamanza, na wazee huwakataza watoto kumpiga mawe.

Lakini kiangazi ni msimu wa chozi. Mlima ukiwa umekauka, mti uitwao umurinzi kwa Kirundi huchanua maua mekundu kwenye matawi matupu. Chozi huja na mdomo wake uliopinda, akanywa utamu wa ua, kisha akabeba chavua hadi mti wa pili. Anakula na analipa.

Endelea kupanda ukihesabu sauti. Penye miti na vichaka utasikia nne au tano kwa pamoja. Palipokatwa makaa au kulimwa hadi kileleni, utasikia upepo zaidi kuliko ndege.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi wa mpakani. Gunia la makaa linaloshuka kwenda mjini lilikuwa mti huku juu. Mvua ya kwanza ikipiga mteremko mtupu, udongo huteremka hadi ziwani na kufunika mawe ya ufukweni, ambako samaki wengi hula na kuzaliana. Mlima ukinyamaza, ziwa nalo linaumia, na riziki yetu iko humo.

Dawa ipo, na haiko mbali. Ng'ambo, kusini ya Kagunga, ipo Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960 na ambayo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Miaka ya 1990 alipoitazama kutoka kwenye ndege, aliona msitu wa hifadhi umezungukwa na vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE pamoja na vijiji jirani. Vijiji vilitenga misitu yao, na visiki vilivyoachwa bila kukatwa tena vikachipua.

Ukienda, waombe ruhusa wenye mashamba. Mpaka unapita humohumo milimani, kwa hiyo beba kitambulisho na usivuke kwa njia za panya. Teremka kabla ya saa tatu, jua halijawa kali. Na kuanzia Septemba tazama juu: mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya hupita wakielekea kusini. Kwao ziwa hili halina Burundi wala Tanzania.